Kibao cha Llanerwen

Riverdale Park, Maryland
8 Machi 1998

Baba Mkubwa, shikamoo.

Na Mama Mkubwa Euphrasia naye shikamoo. Mwambie ile picha yake aliyovaa kitenge cha njano ipo mezani kwangu, na kila anayeingia humu anauliza huyu malkia ni nani.

Sisi tu wazima. Baridi imeanza kulegea. Queen ametimiza miaka saba, ameota meno mawili ya mbele, na anakusalimu, ingawa kwa Kiingereza. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa mpaka utani, ila akifungua mdomo kinatoka Kiingereza kitupu. Mwatumu, yule dada wa Tanga ninayekaa naye nyumba moja, humwambia, "Nitakunyima wali mpaka uniombe kwa lugha ya watu." Mtoto anacheka, anaomba kwa Kiingereza, na Mwatumu huyohuyo anampakulia.

Anatoli hajambo? Nimemwandikia mara tatu hajibu. Najua mdogo wangu na kalamu hawaelewani, lakini hata salamu tu si angemtuma mtu?

Habari kubwa ni kazi. Ile ya Landover nimeiacha. Sasa namtunza bibi mmoja kule Columbia, nyumbani kwake, siku tano kwa wiki. Chepngetich, nesi wa Kericho tunayesali naye, ndiye aliyenipeleka. Akanionya, "Huyo mama ana maneno. Chunga sana usimwite Mwingereza." Mimi nikasahau. Siku ya kwanza nikamuuliza kwa adabu zote anatoka sehemu gani ya Uingereza. Weee! Alipiga fimbo sakafuni mpaka paka akakimbilia chini ya kabati. "Mimi ni Mwelisi," akasema. "Waingereza ni majirani zetu, na hatukuwaalika."

Anaitwa Bibi Gwladys. Ana miaka themanini na sita, macho yamefifia, lakini akili ni wembe. Kijiji chake kinaitwa Llanerwen. Nyumba thelathini na mbili, mto mmoja, na juu ya kilima jumba la bwana mwenye ardhi yote, lililoitwa Plas Erwen. Watu wa huko wamemwomba aandike historia ya kijiji na jumba hilo, maana wazee wengine wote wanaokumbuka wamekwisha. Kwa kuwa haoni, yeye anasema mimi naandika kwa mashine yake ya kupiga chapa. Alafu namsomea, ananikosoa, naandika upya. Baba, fikiria: mimi Lusekelo wa Ilundwe ndiye karani wa historia ya kijiji cha Welisi ambacho sijawahi kukikanyaga! Natembea mabega juu siku hizi.

Na wewe, ile historia ya Ilundwe uliyoiahidi tangu nikiwa binti, umeianza?

Mwanao,
Lusekelo


S.L.P. 41, Tukuyu
19 Aprili 1998

Mwanangu Lusekelo,

Marahaba. Mama yako mkubwa naye anasema marahaba, na kwamba picha ile ilipigwa kabla hajajiandaa. Kuna nyingine nzuri zaidi. Sisi ni wazima kwa uwezo wa Mungu. Mvua hii wanayoiita El Niño imekula daraja la chini na nusu ya migomba ya jirani. Yangu imesimama, kwa sababu niliipanda kwa mistari kama inavyotakiwa.

Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu, naambatanisha. Makosa ni matatu tu. Neno ni "halafu", si "alafu". Umekaa Amerika miaka tisa ukapata makosa matatu. Wapo walimu hapa wilayani hawafikii hapo. Nimemwonyesha mwenyekiti.

Unauliza kuhusu historia. Nimefika ukurasa wa arobaini. Mwakani mwezi wa sita shule yetu inatimiza miaka hamsini, na kamati imeniteua mimi, mwalimu mkuu wa miaka ishirini na sita, niandike historia ya kijiji na shule, ichapwe, kila nyumba ipate nakala. Nataka watu wajue Ilundwe ilitoa madaktari wawili, mhandisi mmoja, na nesi aliye Amerika. Tulianza na darasa moja la mawe na watoto kumi na tisa waliokuja na viti vyao kichwani.

Kamati pia imeamua kujenga darasa jipya la mawe, lifanane na lile la kwanza. Mawe yapo. Fundi anayejua kuchonga na kupanga mawe namna ile, wilaya nzima, ni mmoja, naye ni mdogo wako. Amekataa. Mwenyekiti amekwenda, mchungaji amekwenda, wametoka kapa. Hasemi sababu. Anasema tu, "Tafuteni mwingine." Mtu aliyeishia darasa la nne, shule ya kijiji chake inamhitaji, anaringa! Mimi sikwenda. Sijui kiburi hiki amekitoa wapi. Bila yeye itabidi tujenge kwa matofali ya saruji kama choo cha stendi.

Niandikie zaidi juu ya kijiji hicho. Huyo bwana wa jumba aliwafanyia nini watu wake? Mwandishi wa historia lazima alinganishe.

Babako,
Mwl. Tobias Mwalwisi


Riverdale Park
14 Juni 1998

Baba Mkubwa, shikamoo.

Poleni kwa daraja. Masahihisho nimeyaona, na Mwatumu ameyaona, na amefurahi kupita kiasi. Queen amefunga shule na siku nyingine naandamana naye mpaka Columbia. Bibi Gwladys anampenda. Wanagombana kila mmoja kwa lugha yake.

Sasa keti vizuri nikujibu. Plas Erwen lilikuwa na madirisha arobaini na paa la mawe meusi yaliyochimbwa palepale kijijini. Waliochimba ni kina babu zake Bibi. Nyumba zao zilipangwa kando ya barabara, na upande unaotazama bustani ya jumba hazikuwa na dirisha hata moja. Amri ya bwana. Hakutaka mkewe atembeapo kati ya maua aonwe na wachimba mawe. Bibi anasema bibi mzaa babu yake alizaa watoto tisa katika nyumba ile na hakuna aliyewahi kuliona jua likizama akiwa ndani.

Lakini wale watu, Baba, usiwaone hivyo! Mwaka mmoja zamani kura zilipigwa kwa kutamka mbele ya watu wote. Bwana amekaa mezani anasikiliza. Wapangaji wake saba wakatamka jina la mpinzani wake, wa kwanza kati yao mjane aliyemsukuma mwanawe mbele, maana wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Wote saba walifukuzwa kwenye nyumba kabla ya majira kwisha. Bwana akawanyima ardhi ya kujenga kanisa lao, wakalijenga kwenye kisiwa cha kokoto katikati ya mto, mahali ambapo ramani ilionyesha si pa mtu. Mawe walibeba wanawake kwenye aproni. Linasimama mpaka leo. Jumba lenyewe lilibomolewa mwaka wa hamsini na tatu baada ya ukoo wa bwana kwisha, na ile ngazi yake ya marumaru sasa iko kwenye banda la mbuzi. Bibi akifika hapo hucheka mpaka nimpe maji. Aliolewa kutoka kijijini hapo na mwanajeshi wa Baltimore aliyejeruhiwa vitani na kulazwa jumbani, ndiyo maana yuko huku.

Sura sita zimekwisha. Ya saba inaitwa "Shule Yetu", na hapo amekwama. Wiki tatu sasa. Juzi akaniambia nifungue droo ya chini, nitoe kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha pamba.

Baba, ni kibao. Kidogo, urefu wa kiganja, kimetobolewa juu, kina uzi. Kimechongwa herufi mbili kwa kisu. Shule ya Llanerwen ilijengwa na bwana wa jumba kwa sharti kwamba mtoto asisikike akisema Kiwelisi. Atakayesikika anavikwa kibao. Anakaa nacho shingoni mpaka amsikie mwenzake naye anasema, ndipo anamvika. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Mwalimu mkuu alikuwa babu yake Bibi Gwladys, Mwelisi kama wao, na mtu wa kwanza aliyemvika ni mwanawe mwenyewe, baba yake Bibi.

Nilikishika mikononi. Bibi akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia nakijua. "Unakijuaje?" Nikasema kwetu kilikuwa kikubwa zaidi, na kiliandikwa kwa rangi nyeupe: NASEMA KILUGHA.

Baba, je, hiki nacho kimo katika kurasa zako arobaini?

Mwanao,
Lusekelo


S.L.P. 41, Tukuyu
30 Septemba 1998

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu ninyi ni wazima, na sisi tulisikia mlipuko wa ubalozi Dar es Salaam kwenye redio tu, hakuna wa kwetu aliyeumia. Viazi vimetoka vizuri. Mama yako mkubwa alisumbuliwa na jino, limeng'olewa.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ya Juni ilifika, lakini ukurasa wa tatu ulilowa mvua, haukusomeka. Kurasa mbili za mwanzo ni nzuri sana. Yule mjane na kura ya mwanawe nimewasimulia wazee baada ya ibada, na mmoja akasema mama huyo lazima alikuwa Mnyakyusa.

Historia yangu imefika ukurasa wa sabini na mbili. Darasa bado. Kamati imempa Anatoli mpaka mwezi wa tatu.

Babako,
Mwl. Tobias Mwalwisi


Riverdale Park
8 Novemba 1998

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nashukuru kwa habari za jino na viazi. Mwambie Mama Mkubwa asitafune bisi upande huo.

Baba, mvua gani hiyo? Barua za Juni zinafika mwezi wa saba na wa nane. Nimezaliwa Ilundwe, najua lini kunanyesha na lini tunateka maji mbali. Nisamehe, sikuambii kwamba umesema uongo, mimi ni mtoto. Nasema tu kwamba ukurasa wa tatu nauandika tena, na mara hii nitauandika wote, hata sehemu niliyoiacha.

Bibi Gwladys amenisimulia ya baba yake. Alikuwa na miaka tisa. Alivaa kile kibao siku moja nzima, akakiona kizito, jioni akamsikia rafiki yake mpenzi akimwita mbwa kwa Kiwelisi. Akamvika. Yule rafiki alichapwa, na hawakusemeshana tena hata walipokuwa wazee wanaokaa benchi moja kanisani. Baba yake hakuwafundisha wanawe Kiwelisi. Bibi alikipata jikoni kwa bibi yake, kwa kuiba. "Babu yangu alikuwa mtu mwema," anasema. "Wasiojiweza aliwafundisha bure. Hilo ndilo linalonishinda, Lusekelo. Angekuwa mbaya ningeshamaliza sura hii."

Nami nina mtu mwema wangu. Alitulea baada ya baba kufa, akanilipia kila kitu, akanifundisha kushika kalamu. Na mwaka wa sabini na nne, shule ya Ilundwe, alimvika kibao mtoto wa ndugu yake wa darasa la nne. Siku kumi na moja, Baba. Wewe ulisema ni ukaidi. Kila jioni ulimuuliza, "Hujamsikia yeyote?" Akasema hajasikia. Akachapwa. Siku ya kumi na moja ulimchapa mstarini mbele ya wote, na Jumatatu hakuja tena. Akaenda machimboni kubeba mawe ya watu.

Unajua kwa nini alikaa nacho. Tuliokuwepo wote tunajua. Kulikuwa na watoto mia mbili pale, na hakuna hata mmoja aliyepitisha siku nzima bila Kinyakyusa kumtoka. Alitusikia na hakutaka kumvika mtu.

Sasa sehemu niliyoiacha, ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Siku ya tano nilijigonga kidole kwenye jiwe pale kisimani pa shule, nikamwita mama kwa lugha yetu, kwa sauti. Anatoli alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anaosha miguu, kibao kinaning'inia. Akaniangalia. Halafu akageuza uso, akaendelea kuosha miguu. Ilikuwa wiki ya mtihani wangu wa darasa la saba. Angenivika yeye ningeingia mtihani nimechapwa, na sijui ningefaulu nini. Nilifaulu. Nikaenda sekondari, nikaenda uuguzi, nikaja huku. Huyo ndiye nesi wa Amerika unayejivunia! Nami najivunia, Baba, lakini naona aibu kwamba nimejivunia miaka yote hii bila kumtaja aliyenilipia.

Haringi. Darasa lile unalotaka alijenge ni palepale ulipomchapia.

Mwanao anayekupenda,
Lusekelo


S.L.P. 41, Tukuyu
20 Desemba 1998

Mwanangu Lusekelo,

Nimepokea. Mama yako mkubwa anakusalimu. Mahindi yametoka ardhini.

T. Mwalwisi


Riverdale Park
7 Machi 1999

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ya Desemba niliisoma mara kumi, na haikuchukua muda maana ni mistari miwili. Hukunirudishia masahihisho. Tangu nianze kukuandikia haijatokea, nikaogopa. Mwatumu akasema, "Mzee amekasirika, omba radhi." Nimefikiri majuma mengi. Radhi naiomba kwa ukali wa kalamu. Kwa maneno yenyewe siombi.

Sisi wazima. Nakuandikia kukuambia jinsi sura ya saba ilivyokwisha.

Kamati ya Llanerwen ilimwandikia Bibi kwamba haina haja ya mambo ya kibao, kwamba jina la babu yake limechongwa kwenye ukuta wa nyumba ya lango na watoto hawapaswi kulionea haya. Nilimsomea. Akaniambia nimpe simu. Alizungumza nusu saa kwa Kiwelisi, fimbo ikigonga sakafu, mimi sielewi neno ila nilikuwa najua kabisa nani anashinda. Alipomaliza akaniambia, "Andika." Akasema bila kutua: "Babu yangu alikuwa mtu mwema, na alifanya hivi. Baba yangu alikuwa mtoto, na alifanya hivi. Kijiji kilichosimama mbele ya bwana na kutamka jina alilolikataza hakiwezi kushindwa kutamka na hili." Nikaandika, Baba, kwa fahari. Tarehe mosi mwezi huu, siku kuu ya Wawelisi, wamemwandikia kwamba kitabu kinachapwa kama alivyotaka. Kibao atakituma. Kitatundikwa kwenye nyumba ya lango, ambayo ndiyo pekee iliyobaki ya jumba, chini ya jina la babu yake.

Siku ile ya simu Queen alikuwepo, shule zilifungwa kwa theluji. Kituoni tukisubiri basi akaniuliza, kwa Kiingereza chake, "Mama, lugha ya bibi ni Kiwelisi. Yetu sisi ni ipi? Ile ya kabla ya Kiswahili?" Ndiyo kusema mimi pia nimemfungia dirisha. Nikamfundisha salamu yetu ya Kinyakyusa, "Ugonile", palepale. Amekwenda anaisema kwa kila aliyeingia ndani ya basi, mpaka dereva.

Kama umenikasirikia, nikasirikie, lakini niandikie.

Mwanao,
Lusekelo


S.L.P. 41, Tukuyu
30 Mei 1999

Ugonile, mwanangu.

Usishangae. Katika miaka yangu sabini na moja hii ni barua ya kwanza ninayoianza hivi. Yaliyobaki nitaandika kwa Kiswahili kwa sababu nakipenda, na sitaomba radhi kwa kukipenda. Tulikuwa tunajenga taifa, Lusekelo. Nilitaka mtoto wa Ilundwe akisimama mbele ya mtoto wa Tanga asione haya. Hilo nalisema hadi kaburini. Lakini kibao ni kitu kingine, nami nilikijua, ndiyo maana ukurasa wako ulilowa.

Mama yako mkubwa hajambo. Yeye ndiye aliyeanza. Barua yako ya Novemba nilimsomea nikiruka mistari. Akasema, "Soma na hiyo unayoiruka." Nikasoma. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kibao. Kumbe tangu nistaafu anafunikia chungu cha maziwa! Maandishi bado yanaonekana. Akakiweka juu ya kurasa zangu themanini, akaenda zake kulala. Hakuniambia neno kwa siku nne. Ndiyo sababu ya barua ile ya mistari miwili. Sikuwa na mingine.

Kwa miezi niliona nitamwita Anatoli. Mimi ni mkubwa, nilisema, yeye aje. Ikafika hiyo barua yako ya Machi, ya bibi yule na simu. Nikaona aibu kwamba ajuza kipofu wa Columbia ananishinda ujasiri.

Jumamosi ya tarehe 8, siku ya gulio, nilivaa suti yangu ya kustaafia, nikatia uzi mpya kwenye kibao, nikakivaa. Nikashika njia. Kutoka kwangu mpaka anapofanyia kazi Anatoli ni dakika kumi na tano, unapajua. Nilitumia saa nzima, maana nusu ya watu wa gulio nimewafundisha mimi. "Mwalimu, shikamoo, umekosa nini?" Nikawajibu wote, kwa Kinyakyusa, "Nimesema lugha ya mama yangu." Wengine walicheka. Yule mwanamke anayeuza magimbi, uliyekaa naye dawati moja, alivua kilemba akafunika uso. Watoto wakanifuata wakidhani ni mchezo.

Anatoli alikuwa anachonga jiwe la kona. Aliniona tangu mbali, hakuinua nyundo wala hakuishusha. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya ukurasa mmoja na nusu, yenye utangulizi. Ikanitoka yote. Nikabaki na swali moja, nikamuuliza kwa Kinyakyusa: "Siku zile kumi na moja, uliwasikia wangapi?"

Akasema, "Wote."

Akapangusa vumbi kwenye jiwe, halafu akasema: "Na wewe pia nilikusikia, Baba. Siku ya tatu. Bibi alikuletea ndizi pale langoni, ukapiga magoti ukamsalimu kwa lugha yake. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Kibao kilikuwa chako. Nikasema nitakutunzia, siku moja utakuja kukichukua."

Lusekelo, mimi nimezika wazazi wangu na ndugu yangu, baba yenu, kwa macho makavu, watu wakanisifu. Pale mbele ya gulio zima nililia na kamasi juu. Nikamwambia nimekuja kukichukua. Akasema, "Nimeona." Akanivua kwa mikono yake, akanikalisha juu ya lile jiwe la kona, akaagiza mtu alete chai.

Sikumwomba habari ya darasa. Naapa sikuitaja. Jumatatu alfajiri nimesikia mlio wa nyundo kutoka shuleni, nikatoka na kanzu ya kulalia. Alikuwa ameshapima msingi.

Kwa hiyo historia ya Ilundwe sasa ina kurasa themanini na moja. Ule wa mwisho naambatanisha, uuchape na wewe kwa ile mashine ya Bibi, maana nataka umpitie karani aliyezoea. Unaanza hivi: "Mwandishi wa kitabu hiki alikuwa mwalimu mwema, na alifanya hivi." Nimemwibia bibi yako sentensi, mwombee radhi kwangu, na umwambie wazee wa Ilundwe wanamsalimu yeye na yule mjane. Baada ya hapo limeandikwa jina la Anatoli na zile siku kumi na moja, moja moja. Nimemtaja wa kwanza, kabla ya madaktari.

Mwambie Queen: Ugonile. Na barua zako sikuzirudisha kwa kuwa sikuona kosa.

Babako,
Tobias

Dada shikamoo. Baba kaniachia nafasi hapa chini. Barua zako zote ninazo ndani ya kopo. Nasoma polepole. Siku ile ya kisimani kidole chako kilitoka damu nyingi nikakuonea huruma basi. Darasa linakwenda vizuri. Nimeliwekea madirisha pande zote nne.
Anatoli